Aliyeuliza Mara Moja

Watu wa kwetu walipomwita Dotori, nusu yao walidhani anatibu. Kila alipokuja Palma, mji wetu wa pwani kusini ya Ruvuma, wakati wa likizo za chuo, asubuhi yake tu ungekuta barazani kwake watu wenye vidonda, mama aliyebeba mtoto wa homa, na safari moja mzee aliyeanza kufungua msuli kabla hata ya kukaribishwa, ili aonyeshe busha lake. Hakumfukuza mtu. Aliwaeleza kwa upole kwamba udaktari wake ni wa mambo yaliyopita, si wa miili, kisha akagawa vidonge vya kutuliza maumivu ambavyo alivinunua mjini kwa ajili hiyo hiyo. "Wagonjwa wangu mimi wameshakufa," aliwaambia, "ndiyo maana hawalalamiki." Watu walicheka, wakameza vidonge, na kesho yake wakarudi.

Naanza na hilo kwa makusudi. Nina hasira naye, na hasira ikishika kalamu haitamwachia hata shati. Kwa hiyo lijulikane mapema: alikuwa mtu mwema, na si mwema wa kujionyesha. Kama angekuwa mtu mbaya nisingepoteza wino.

Alikozaliwa na ukoo wake siugusi. Watu wa Olumbi wanasema ni wao, watu wa Tungue wanasema ni wao, waendelee kuvutana. Inatosha kujua kwamba alikuwa mtoto wa pwani hii, aliyelelewa na mama mvuvi wa pweza, na kwamba alisoma mpaka akawa mwalimu wa chuo kikuu huko mji mkuu. Alifundisha historia ya kazi na mazingira: nani alifanya kazi gani, kwa amri ya nani, na kazi ile iliifanya nini ardhi, misitu na bahari. Mimi nilimjua kwanza kama mgeni wa mama yangu, baadaye kama mwalimu wangu chuoni, na mwisho kama mtu niliyekuwa nikibadilisha njia nisikutane naye. Leo nafundisha historia sekondari, na karibu kila ninachokijua kuhusu kazi hii nimekipata kwake.

Alikuwa mrefu, mwembamba, shati limefungwa vifungo mpaka kooni hata jua likiwa la kuchoma. Alitafuna tangawizi mbichi akifikiri, kwa hiyo ungeweza kujua kwa harufu kama swali lako limemgusa. Viatu vyake vilikuwa vya ngozi, na alipofika penye mchanga wenye maji alisimama hapo hapo. Ameandika maisha yake yote juu ya jasho la watu, na mimi sikuwahi kumwona akitokwa na lake. Mama alikuwa akimtania, "Mwanangu, maji hayaumi." Naye alimjibu, "Nililowa ya kutosha utotoni, mama. Sasa najianika."

Alipenda kutaniwa na wanawake wa umri wa mama yake. Aliweza kukaa nao mkekani mpaka kivuli kikahama, wakimsuta kwa kukonda kama aliyefiwa, kwa kusahau maneno ya nyumbani, kwa kuwa na mke mmoja tu na huyo naye mtu wa kusini. Chuoni alikuwa mwingine kabisa. Neno "maendeleo" ukilitamka darasani kwake alikukatiza: "Ya nani, na nani amehama?" Siku ya kwanza ya muhula aliingia bila salamu akauliza nani amekula asubuhi ile. Mikono yote ikapanda. Akauliza nani alilima alichokula. Mikono ikashuka, akasema basi somo limeanza.

Nilifika pale msichana wa Palma, begi moja na Kireno cha kubahatisha. Yeye ndiye aliyenipeleka kwa mkewe nikae nao mpaka nilipopata bweni. Walinilisha, wakaninunulia koti la baridi ya huko, na hawakuniruhusu hata kuosha vyombo. Wenzangu waliponicheka kwamba mama yangu anaokota vidudu vya baharini, aliwaambia, "Mama wa huyu anafanya kazi ambayo nyinyi mtaisoma muhula ujao, na nusu yenu mtafeli." Nililia siku ile, machozi ya raha. Nilimpenda kama ndugu wa baba.

Sasa nije kwenye kanuni yake, kwa sababu bila kanuni hiyo hamtaelewa kitu.

Utafiti wake wa kwanza, akiwa kijana, ulikuwa wa pamba. Alipanda bara mpaka uwandani kwa Wamakonde, akatembea kijiji kwa kijiji akiwatafuta wazee waliolimishwa pamba kwa nguvu enzi za Wareno, na wale waliovuka Ruvuma kwenda kukata mkonge Tanganyika ili kuikimbia pamba hiyo. Mzee mmoja alimweleza jinsi askari wa mkoloni walivyokuwa wakihoji. Mara ya kwanza waliuliza kwa mdomo. Mara ya pili waliuliza kwa palmatoria, kile kibao cha kuchapia viganja. Mzee akamwonyesha viganja vyake. Dotori alitoka pale amejiapiza kwamba hatamuuliza mtu wa umri ule jambo lile lile mara mbili maishani mwake.

Akatufundisha sisi vivyo hivyo. "Uliza mara moja," alisema. "Mara ya kwanza ni mazungumzo. Mara ya pili ni polisi." Nilimwona akiitimiza. Tulikwenda naye kijiji kimoja, na mwenzetu akamuuliza mzee wa mkonge alilipwa nini kule. Mzee akatazama pembeni, akasema Mungu alimjaalia. Mwenzetu akataka kurudia, Dotori akamshika mkono. "Basi. Amejibu." Tukiwa njiani alitwambia kwamba mtu asipotaka kusema, kutotaka kwake ndiko historia yenyewe. Nilidhani sijawahi kusikia neno zuri kuliko lile. Bado ni zuri. Ubaya wake ni kwamba alilileta pwani.

Kwetu, maji yakipwa sana wakati wa bamvua, mwamba hubaki nje na wanawake huingia na michokoo yao, vijiti vyenye ncha, kutafuta pweza. Pweza hukaa shimoni, nasi shimo lake tunaliita nyumba. Ukimtoa aliyemo, mwingine huhamia, kwa hiyo nyumba nzuri haifi. Mama humwachia bintiye, kama wengine wanavyoachiana minazi. Mama yangu alikuwa na nyumba zake upande wa mwamba unaotazama kisiwa cha Vamizi, alizoachiwa na bibi yangu, kila moja na jina lake. Mwanamke akitia mchokoo katika nyumba ya mwenziwe atasemwa mpaka wajukuu zake waolewe.

Lakini kutamka "hii ni yangu" ni jambo jingine, na hakuna anayetamka. Mbele ya mgeni ni ufidhuli, mbele ya wanaume ni kukosa haya, na ukilisema ukiwa juu ya mwamba pweza huhama. Mtu akikuuliza pwani ni ya nani, jibu ni moja: ya Mungu. Naye aliyeuliza, kama amelelewa, hunyamaza kidogo, humaliza chai yake, kisha huuliza tena kwa upande: "Na wewe, mama, hupitia wapi?" Hapo ndipo utakapoonyeshwa nyumba zote, na ya nani ni ipi, na nani aliiachia nani. Swali la kwanza ni hodi tu.

Nilikuwa bado mtoto wa shule Dotori alipokuja kutafiti wanawake wa mwambani. Alikaa nao siku nyingi. Aliuliza juu ya njia, juu ya vikapu, juu ya miguu inayokatwa na mawe, juu ya wachuuzi wanaosubiri ufukweni, na yote hayo aliyaandika vizuri kuliko mtu yeyote. Kisha siku moja akauliza, "Mama zangu, pwani hii ni ya nani?" Wakacheka. Mama akamjibu, "Ya Mungu, mwanangu." Dotori akashukuru, akafunga kalamu yake.

Kutokana na utafiti huo alitoa kitabu kilichomjengea jina. Ndani yake kuna sentensi ambayo kila mwanafunzi wake aliijua kwa moyo, kwamba pwani ya kaskazini ni mahali pa kazi pasipo na bwana wala mwenyewe. Ilipendwa mno. Aliitwa nchi za mbali kwenda kuieleza. Watu waliochoshwa na mabwana wa mashamba na wenye viwanda walifurahi kusikia kwamba kuna mahali duniani mtu anafanya kazi na hakuna anayemwambia toka.

Niliwahi kumuuliza. Nilikuwa mwaka wa mwisho, tumekaa ofisini kwake, tangawizi inanuka. Nikamwambia, "Mwalimu, mbona hukuandika kwamba nyumba za pweza zina wenyewe?"

"Hawakuniambia."

"Lakini unajua. Ulituhadithia mwenyewe jinsi mama yako alivyokuchapa kwa kuchokoa nyumba ya jirani."

Akatabasamu. "Ninalolijua kwa kuchapwa si ushahidi, binti yangu. Ni malezi." Nikaondoka nikimsifu kimoyomoyo kwa uaminifu wake. Watu wengi huiba kwa kuongeza maneno ya watu. Yeye hakuongeza neno.

Kisha gesi ikagunduliwa baharini mbele yetu, na Palma ikageuka mji mwingine. Vyumba tulivyopangiana kwa undugu vikapanda bei, samaki akaanza kwenda hotelini kabla hajaonekana sokoni, na vijana wote wakawa na neno moja mdomoni, vaga, nafasi ya kazi. Wenye kofia za plastiki walipita wakipima, wakichomeka vijiti vyenye vitambaa vyekundu mashambani. Ikasemwa kwamba vijiji vya rasini, chetu kimojawapo, vitahamishwa bara kupisha mitambo, na ufuo na mwamba vitafungwa.

Mwanzoni Dotori alikuwa upande wetu kwa sauti kubwa. Aliliambia darasa lake kwamba gesi iko chini ya bahari lakini watakaohamishwa wako juu ya nchi. Halafu nikasikia amekubali kuwa mshauri wa mradi. Nikampigia simu. "Nikikaa nje," alinieleza, "nitaandika makala nzuri watu wakishahama. Nikiwa ndani nitawawekea neno kabla." Nilimwamini, na nadhani alijiamini. Wakampa gari lenye antena ndefu na kofia ya plastiki yenye cheo chake, aliyokuwa akiivaa hata akiwa hotelini anakunywa kahawa. Mama alipomwona nayo alimuuliza kama huko hotelini nazi zinaangukia watu. Akaivua, akacheka mpaka akafuta macho.

Fidia ikaanza kupimwa. Minazi ilipimwa, mikorosho ilipimwa, mashamba, makaburi, mitumbwi na nyavu za wanaume. Wanawake wa mwambani wakasubiri zamu yao. Ikaja habari kwamba hawana zamu: watapewa mradi wa kufuga kuku, kama msaada, kwa kuwa pale mwambani hawakuwa na mali yoyote. Mama akaniuliza nani kasema hivyo. Nikaenda kuuliza kwa watu wa mradi, na kijana mmoja mwenye adabu akanionyesha ukurasa. Ilikuwa sentensi ya Dotori, imenakiliwa neno kwa neno, na jina lake chini.

Kulikuwa na mkutano mmoja umebaki, ule ambao watu wote wangeitwa, serikali na kampuni wakiwepo, kabla mambo hayajafungwa. Likikubaliwa pale kwamba nyumba za pweza zina wenyewe, wanawake wangelipwa, na zaidi ya kulipwa, wangetafutiwa mwamba mwingine wa kuchokoa kwa haki. Lisipokubaliwa, ni kuku. Siku moja kabla ya mkutano nilimfuata Dotori kwenye nyumba ya wageni alikofikia, baada ya alasiri.

"Mwalimu, sentensi yako imetukalia shingoni."

"Nimeiona."

"Basi iondoe. Kesho simama useme ulikosea. Sema nyumba zina wenyewe, na mama yako mwenyewe alikuwa nazo."

Akatafuna tangawizi yake muda mrefu. "Nikisema mimi, watasema Dotori mtoto wa hapa, anawapigia debe mama zake. Halitakuwa na uzito. Lazima waseme wenyewe. Nitawapa kipaza sauti, watasema."

"Unajua watakavyojibu."

"Safari hii wanajua kilichopo. Niachie mimi."

Nikatoka pale nikaenda moja kwa moja kwa mama, nikamkuta anachambua mchele. Nikamwambia kesho wakiulizwa waseme wazi, pwani ni yetu. Akanitazama kama niliyemwambia avue kanga sokoni. "Mbele ya wanaume wote wale? Na wageni? Kwani Dotori hatakuwepo? Si ndiye aliyesomea? Ataanza yeye, nasi tutafuata." Nilimrudia, akaniambia nina kelele kama watu wa kusini. Hivyo ndivyo usiku ulivyoingia, Dotori akiwasubiri wanawake waseme, nao wakimsubiri yeye.

Mkutano ulikuwa chini ya turubai. Mbele walikaa watu wa serikali na wa kampuni kwenye viti vya plastiki, Dotori katikati yao, na wanawake walikaa kwenye mikeka, mama yangu mbele kwa kuwa ni mkubwa wao. Zikasomwa karatasi nyingi kwa Kireno na kufasiriwa. Ilipofika habari ya mwamba, msimamizi akasoma ile sentensi, akamgeukia Dotori akamuuliza kama ni yake.

"Ni yangu," alisema. Akasimama, akaeleza kwa Kireno kizuri kwamba kitabu ni cha zamani, kwamba jamii hubadilika, kwamba ni vyema kuwasikiliza wahusika. Mfasiri akayafupisha: "Dotori anasema ni kweli ameandika." Kisha Dotori akachukua kipaza sauti, akashuka kutoka mezani, akaja mpaka ukingo wa mkeka, na kwa Kiswahili cha nyumbani, kwa heshima zote, akauliza:

"Mama zangu, pwani ni ya nani?"

Mama akainuka. Alijitanda kanga vizuri, akashika kipaza sauti kwa mikono miwili. "Pwani ni ya Mungu, mwanangu." Na wenziwe wote wakaitikia, "Ya Mungu."

Wageni waliofasiriwa walitabasamu, mmoja akapiga makofi. Dotori alibaki amesimama pale. Mama naye hakuketi, alikuwa bado ameshika kipaza sauti, anamtazama. Nilikuwa nyuma kabisa na walimu wenzangu, na sikujua nimeinuka mpaka niliposikia sauti yangu. "Uliza tena! Mwalimu, muulize tena!"

Watu wakageuka. Mwalimu mzima, mwanamke, anapiga kelele mkutanoni. Dotori aliniona. Akafungua mdomo, nami nikadhani sasa atauliza. Halafu akatikisa kichwa taratibu, akachukua kipaza sauti kutoka mikononi mwa mama, akasema, "Mama amejibu." Akarudi kwenye kiti chake.

Jioni ile mama hakula. Nilidhani ana haya kwa ajili yangu, kwa kelele zangu. Haikuwa hivyo. "Nilimfungulia mlango," aliniambia. "Mbona hakuingia? Nilisema ya Mungu, nikamngoja aniulize nami hupitia wapi. Nilikuwa tayari. Ningezitaja moja moja, na jina la bibi yako ningelitaja." Alikuwa ameshajipanga usiku kucha, kumbe, kwa namna yake, si kwa namna yangu. Na yule mtu msomi, mtoto wa mwambani, aliyechapwa kwa ajili ya nyumba kama zile, alisimama hatua moja mbele yake akatimiza kanuni. Mgeni asiyejua kitu angeuliza mara kumi kwa ubishi wake tu, na angejibiwa. Ilihitaji mtu wa kwetu, mwenye adabu zetu zote na shahada juu yake, kutumaliza kwa ukamilifu ule.

Tukahamishwa. Nyumba tulizopewa ni nzuri, za saruji, zina bati na mlango wenye kitasa. Bahari haisikiki. Waliweka basi la kuwapeleka wanawake kwenye ufuo mwingine, lakini basi hufuata saa na maji hufuata mwezi, kwa hiyo mara nyingi walifika mwamba umeshafunikwa. Na hata ulipokuwa wazi, kule kuna wenyewe. Mama alikwenda safari moja, akasimama ukingoni na mchokoo wake akiwatazama wanawake wa kule wakipita kwenye nyumba zao, akarudi bila kulowa. Kuku walikufa kwa mdondo. Baadaye ilikuja vita, nayo ina wasimulizi wake.

Dotori naye alifanya alilolijua. Aliandika makala juu ya mkutano ule. Nilitumiwa na mwenzangu wa chuo aliyedhani nitafurahi. Imeandikwa vizuri sana, ina huzuni, na inahusu ukimya wa wanawake wa pwani mbele ya mitaji mikubwa. Ukimya! Nililisoma neno lile nikalitupa chini tableti la shule nililokuwa nikisomea, likapasuka kioo, na nililipa kwa mshahara wangu na sijutii. Mama yangu alikuwa amesimama na kipaza sauti mkononi. Kutoka siku hiyo simu zake sikupokea tena.

Miaka ilipita. Tulikuwa tumerudi kutoka tulikokimbilia vita, mama amezeeka ghafla, magoti hayamsaidii. Alasiri moja pikipiki ya kukodi ikasimama mlangoni, akashuka mzee mwembamba aliyevaa kanzu. Nilimtambua kwa vifungo vya kooni. Amestaafu, alisema. Mungu amemjaalia, mwaka huu anakwenda Makka. Na kama ilivyo desturi, mwenye safari ile huzunguka kwanza kwa watu aliokaa nao, anawaomba radhi, asije akasimama Arafa na haki za watu shingoni.

Nilitaka kumwambia apande pikipiki yake. Mama akanikata jicho, nikamletea kiti. Akakikataa, akakaa chini kwenye mkeka, miguu yake mirefu imemtatiza. Nikaweka wali na maharage, akala. Wakaulizana hali, na habari za wagonjwa, na nani amekufa. Waliongea vizuri kama zamani, mama hata akamtania kwamba kanzu imempwaya. Kisha Dotori akaosha mikono, akaikunja magotini.

"Mama, nimekuja kuomba radhi."

Desturi inataka ujibiwe pale pale: nimekusamehe, nenda salama. Sijawahi kusikia mtu akikataa. Kumnyima radhi mwenye safari ile ni kumzibia njia, na mama yangu hajawahi kumzibia mtu njia. Nilimchukia kwa kuijua desturi vizuri namna ile. Alikuja mahali ambapo jibu lilikuwa limeshaandaliwa.

"Chakula ulichokula nyumbani kwangu miaka yote ni halali yako," mama alisema. "Ukinisengenya, nimekusamehe. Ukinidhania ubaya, nimekusamehe. Mwanangu ulimsomesha, Mungu akulipe."

"Amina." Macho yake yalikuwa yamejaa, na sitasema uongo, yalikuwa machozi ya kweli. "Na lile la mwambani, mama?"

Mama alikuwa akikusanya punje za wali zilizodondoka mkekani. Alizimaliza, akaziweka kwenye sahani, ndipo akamtazama.

"Lile?" alisema, kwa upole ule ule. "Uliandika kwamba pale sikuwa na kitu. Asiye na kitu atasamehe nini, mwanangu?"

Akanipa sahani niiondoe. Dotori aliendelea kukaa pale muda, mpaka mwenye pikipiki akapiga honi. Hakuna aliyemwambia aondoke na hakuna aliyemwambia akae.

Alikwenda Makka, akahiji, akarudi salama. Siku hizi watu wote wanamwita Haji. Mama yangu hamwiti.